Dawa ya Shavu Langu

Mwaka ule Kolwezi nzima ilikula bukari, ugali wetu, ya mihogo mitupu. Unga wa mahindi ulikatika mpakani, malori yaliyozoea kuuleta kutoka Zambia yakawa yanakuja na saruji, na sisi tukasonga mihogo peke yake, bukari ya rangi ya majivu, inayonata vidoleni kama gundi ya fundi wa baiskeli. Mboga ilikuwa matembele leo, matembele kesho, na siku ya sherehe fretin, vile visamaki vikavu vyenye macho mengi kuliko nyama. Sokoni wanawake tulisalimiana kwa kuulizana, "Mama, umeona mahindi?" kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa. Basi mtu akitaka kujua shavu langu lilianza kupona lini, na nani alilikatiza, simpi tarehe. Namwambia ni mwaka wa bukari ya mihogo. Hapa kwetu hakuna asiyeujua.

Mi ni albino. Nilizaliwa upande wa Lubudi, kwa mama mweusi na baba mweusi, na mkunga aliponiinua akauliza kama kuna muzungu aliyeshuka kwenye treni. Mama yangu akamjibu akate kitovu, aache maswali. Nampenda mama yangu kwa jibu hilo mpaka leo. Shuleni kwa masista nilifika mwaka wa nne, kisha wakasema sina akili. Kumbe sikuwa naona ubao. Macho ya albino hayafiki mbali, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kunisogeza benchi la mbele. Huo ndio usomi wangu wote, na ndiyo sababu mistari ya daftari hili inapanda na kushuka.

Nilipoolewa nililetwa Kolwezi, nikauza sokoni zaidi ya miaka thelathini: uyoga, viwavi vikavu, chumvi, karanga. Kofia sikuwa nayo, kitambaa tu. Jua la huku linapiga vumbi la migodi kisha linarudi usoni mara ya pili. Nilizaa watoto sita, wote weusi kama sufuria, wote hai, na wajukuu siwahesabu mbele za watu kwa sababu wivu ni mwingi. Bwana yangu alikuwa fundi wa umeme mgodini, mtu wa maneno machache. Maneno yote ya ukoo wao aliyachukua dada yake.

Huyo dada yake, wifi yangu, ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Sitaki likae katika daftari langu.

Siku nilipofikishwa kwao alisimama mlangoni akaita majirani: "Mukuye muone! Kaka yangu analeta muzungu wa bukari!" Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Jina likanishika. Watoto wa mtaa waliliimba, na watoto wangu walipigana ngumi shuleni kwa ajili yake. Yeye aliendelea kulitumia kwa miaka arobaini, kwa sauti tamu, kama mtu anayekutania kwa mapenzi.

Doa lilianzia kwenye mfupa wa shavu la kushoto, vidole viwili chini ya jicho. Lilikuwa jekundu, lenye magamba, ukubwa wa kizibo cha chupa. Nikilikwaruza linatoa damu, likifunga linafunguka tena. Nililipaka mawese, nililipaka majani, nililipaka mate ya asubuhi. Likapanuka polepole, bila maumivu, kama jirani anayekula shamba lako tuta moja kila mwaka.

Katika ukoo wa bwana yangu wanawake tunanawa katika beseni moja na kula bukari kwenye sahani moja kubwa, kila mtu anamega upande wake. Ndivyo unavyojua uko nyumbani. Mchana mmoja, baada ya kumzika mjomba wao, wifi akaniletea sahani yangu peke yangu. Na kijiko.

"Ni juu ya kale kakidonda, mama," akasema. "Batoto basishikwe."

Bukari kwa kijiko, mbele ya wanawake ishirini! Afadhali angenipiga kofi. Nilikula yote, nikalamba kijiko, nikamrudishia mkononi. Tangu siku hiyo nikawa namngojea.

Aliyenipeleka kwa munganga, daktari wa lopitali, ni mjukuu wangu mkubwa, binti wa binti yangu wa kwanza. Anafanya kazi kwenye farmasi ya lopitali moja huko Lubumbashi, na anajua dawa kama mimi ninavyojua uyoga: upi unaliwa, upi unaua, upi unaua ukizidisha. Alisoma kwa viwavi vyangu vya sokoni. Mniache nijivune.

Munganga wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene kuliko yangu. Alikata kipande kama punje ya mtama, akakipeleka kupimwa, na tuliporudi alisema neno lenyewe bila kulizungusha. Kansa. Ya ngozi, ya juu juu, bado haijashuka. Kukata kunawezekana, akasema, lakini ngozi yako imekaushwa na jua na jicho liko karibu. Nikikata, kope la chini litavutwa na jicho litabaki wazi maisha yako yote. Kuna dawa ya kupaka. Tuijaribu kwanza wiki sita. Ikimaliza, unabaki na uso wako. Isipomaliza, ni kisu.

Boksi lilikuwa moja tu. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa amemletea kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na mgonjwa huyo hakurudi. Vipakiti thelathini vya karatasi ya kung'aa, vidogo kama vile vya shampuu vinavyouzwa kwenye vibanda.

Tulikaa kwenye benchi la nje la lopitali, mjukuu wangu akanieleza, akiniita Nkambo, yaani bibi, kama kawaida yake.

"Nkambo, hii dawa haiue kansa yenyewe."

"Sasa inafanya nini? Inaiombea?"

Akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Inaamusha basentineli, balinzi. Mu mwili ya kila mutu muko basentineli. Unazaliwa nabo, hata kama hujapigwa shindano ya chanjo hata moja. Kazi yabo ni kusikiliza. Ndani yabo muko kitu kama sikio. Virusi ikiingia, ile sikio inasikia, banapiga king'ora."

"Na kansa?"

"Kansa habaisikie. Ni mutoto wa nyumba, Nkambo. Imetoka mu mwili yako mwenyewe. Inavaa nguo ya kazi ya sosiete ya mugodi, inapita ku mulango, na basentineli banaisalimia."

Hilo nililielewa mara moja. Nani Kolwezi hajamwona mwizi wa shaba amevaa kofia ya mgodi?

"Sasa hii dawa," akasema, "ni kadogo, kadogo kuliko microbe, kadogo mpaka kanapita mu ngozi. Kanaingia mu ile sikio na kanadanganya basentineli: virusi imeingia! Banaamuka na hasira. Banatuma habari kwa bengine. Bote banafika pale, na bakifika sasa banaanza kuangalia vizuri. Ahaa, huyu si wa kwetu! Banaanza kumupiga."

"Kwa hiyo ni kisasi."

"Ni shimi, Nkambo." Ndivyo wanavyoita kemia.

"Iite unavyotaka."

Akaniambia pia kwamba wataalamu wa ng'ambo wanatafuta ndugu za dawa hiyo, vidawa vingine vidogo vya kumeza au kuchoma, vya kuamsha masikio mengine ya walinzi kwa kansa za ndani kabisa, za maini, za mapafu. Kazi ni ngumu. Walinzi wakiamshwa mwili mzima kwa mara moja wanachoma nyumba wakimtafuta mwizi. Ndiyo maana hii yangu ni kipakiti kimoja tu, juu ya doa tu, kabla ya kulala, na kuoshwa asubuhi. Siku tano kupaka, siku mbili kupumzika. Isifike jichoni. Isizidishwe. Aliniapisha kwa kidole.

Niliweka boksi katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, nikawaambia wote nyumbani, bwana yangu, watoto, na wifi pia, kwamba kopo lile ndilo linalosimama kati yangu na kisu. Nilisema hivyo hivyo. Hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili walinzi waliamka. Shavu liliwaka, likavimba, likatoa maji ya njano, likafunga gaga jeusi kama bukari iliyoungua chini ya chungu. Homa ikaja, mifupa ikauma kama malaria. Bwana yangu alikaa kando ya kitanda akikunja kofia yake.

"Mama, hii dawa inakula weye."

"Haile mi. Inakula yule mwingine."

Nilimpigia simu mjukuu wangu, akasema hivyo ndivyo inavyofanya kazi, tuvumilie. Basi nililala na homa yangu nikichekelea. Kila shavu lilipochoma nilisema kimoyomoyo, mpigeni. Mpigeni tena. Nilikuwa nimemlisha mwizi yule miaka mingi kwa damu yangu, na sasa alikuwa anapigwa ndani ya nyumba yangu na watu wangu mwenyewe. Sijui kama msomaji amewahi kuuguzwa na furaha ya namna hiyo. Ni tamu kuliko asali ya msituni.

Wifi alikuja kunifagilia. Sikumwita, alikuja na ufagio wake.

Mwisho wa wiki ya tatu mjukuu wangu alimwonyesha munganga picha ya shavu langu, naye akasema nipumzike wiki moja, kisha nimalizie. Katika mapumziko hayo gaga lilidondoka. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya ya waridi, laini, inang'aa kama ya kitoto cha jana. Upande wa sikio doa lilikuwa limekwisha kabisa. Upande wa jicho ndiko mwizi alikokuwa bado amejificha.

Wifi aliniinamia kwa karibu, yeye aliyekuwa anaogopa hata kijiko changu.

"Eee! Mama, hii kremu inatoka wapi?"

"Kwa munganga."

"Ya Mpoto?" Mpoto ndiko Ulaya.

"Ya Mpoto."

"Na inakamata siku ngapi?"

"Kwa mi, wiki tatu."

Alitazama shavu langu kama mtu anavyotazama kitenge kwenye duka asiloweza kuingia.

Lazima nieleze. Wifi alikuwa anajipaka vya kung'arisha ngozi tangu ujana, kila kremu iliyofika sokoni. Uso ulikuwa na rangi ya chungwa, vidole vyenyewe vimebaki na rangi yake ya kuzaliwa. Na binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwetu mama wa bibi harusi anatazamwa kama bibi harusi mwenyewe: anaingia akicheza mbele ya wakwe, anapigwa picha kuliko mtu yeyote. Aliona ngozi nyeupe inatoka shavuni mwangu kwa wiki tatu, akafikiri amepata kremu kali kuliko zote. Kwamba mimi ni mweupe tangu tumboni, hilo halikumjia akilini. Miaka arobaini ananiita muzungu wa bukari, na siku moja akatamani shavu la muzungu wa bukari.

Wiki ya mapumziko ilipokaribia kwisha nilivuta kopo. Lilikuja jepesi. Vilipaswa kuwa vipakiti kumi na tano. Nilikuta kimoja. Mpaka leo sijui kama alikiacha kwa huruma au kwa haraka.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni nimepakata kopo, nikafikiri jicho langu. Kisha nikavaa kitenge kizuri nikaenda kwake na bakuli la karanga.

Alikuwa uani, kwenye kiti, na binti zake. Mashavu mekundu kama nyanya, paji la uso linang'aa, pua inaambuka. Alikuwa anajipaka uso mzima, asubuhi na jioni, kipakiti kwa kipakiti. Na alikuwa anaona fahari.

"Munaona?" aliwaambia binti zake. "Ile ya zamani iko inatoka." Aliponiona akashtuka, akashika shavu. Alingoja nimrukie. Ningeweza. Ndani ya nyumba ile vilikuwa bado vimebaki vipakiti, na nilijua.

"Uko unang'aa, mama," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kabisa. Usiache."

Nikaweka karanga zangu nikarudi nyumbani. Wengine watasema hapa ndipo ningefuta mstari. Sifuti. Nilimwambia usiache, na kwa siku nne nilipika, nilifua, nilisali, na kila saa nilikuwa nawasikia walinzi wake wakiamka mmoja mmoja.

Asubuhi ya ndoa hakufungua macho. Uso ulikuwa umevimba kama mkate uliochachuka, gaga la njano kutoka nywele mpaka kidevu, homa inamtikisa kitanda. Yeye hakuwa na doa la kansa. Walinzi wake walikuja kwa wingi na hawakukuta mwizi, wakapiga kila walichokiona. Kiti cha mama wa bibi harusi alikikalia mtu mwingine. Picha zote zilipigwa bila yeye.

Jioni ile ile wanawake wa kundi lake la maombi walipita mbele ya uzio wangu. "Mulozi!" walipaza sauti. "Kansa yako unaitupa kwa wifi yako! Ndundu mulozi!" Ndundu ni jina la kututukana sisi albino. Wifi alikuwa kitandani akiwasikia watu wakiniita mchawi, na vipakiti vitupu vilikuwa chini ya godoro lake, na hakusema kitu. Siku mbili mtaa mzima haukununua hata chumvi kwenye meza ya binti yangu. Kwetu mulozi si tusi la kupita. Wamama wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo.

Mjukuu wangu alikuwa amekuja kwa ajili ya ndoa. Usiku ule ule wa ndoa alimtazama wifi mara moja tu, akainua godoro, akavitoa vile vikaratasi vya kung'aa mbele ya watu wa nyumba. Alimwosha uso kwa maji baridi, akampa dawa ya homa, akamwambia itapoa, asipake tena. Kisha akaja kwangu, akafunga mlango.

"Nkambo, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne zilizopita bipakiti bilikuwa bingapi?"

"Alikuwa anapaka viwili kwa siku. Nane hivi."

Alikaa kitandani, akaweka mikono kichwani. "Nane, Nkambo. Ungemunyanganya. Nane na kale kamoja, tungeongea na munganga. Uliacha jicho yako juu ya kumuona akiungua?"

"Ndiyo."

Alilia. Mimi sikulia. Nilimpa maji.

Siku ya tatu ukoo ukakaa sebuleni kwetu. Bwana yangu kwenye kiti chake, wifi amejifunika shela mpaka kwenye macho, na mwanawe wa kiume, dereva wa lori kubwa, yule anayepeleka shaba mpaka Afrika Kusini. Ndiye aliyesema kwanza, na alisema vizuri, simnyimi sifa.

"Mama, mjukuu wako aandike jina ya ile dawa na munganga aweke muhuri. Mi naondoka kesho. Wiki tatu niko hapa na maboksi mbili. Nalipa mi mwenyewe."

"Aksanti, baba," nikasema.

"Kitu kimoja tu. Useme mbele ya wamama ba maombi kama ulimupa mama yangu ile kremu. Ulimupa kwa roho nzuri, yeye akazidisha. Basi. Yeye si mwizi, weye si mulozi."

Kila mtu alipumua. Ilionekana ni maneno ya busara. Shela ya wifi ikatikisika kidogo kwa kukubali. Nilimtazama bwana yangu, naye akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu posa.

"Mama, sema tu ulimupa. Ni neno moja. Jicho yako iko mu hii neno. Mi nataka kukuona na macho yako mbili mpaka siku ya kufa. Sema."

Nilifikiri. Sitaki mtu adhani sikufikiri. Niliwaza kope langu, niliwaza kisu. Niliwaza pia kwamba wanawake walipopita uzioni, wifi alikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingeniosha, na akalimeza. Tena, nikisema nilimpa, basi ni kweli: nilimpa kitu kikamchoma uso. Huyo ndiye mulozi mwenyewe. Walitaka nimvue yeye wizi nijivike mimi uchawi, halafu nishukuru.

"Sikumupa," nikasema. "Aliiba. Sina neno ingine."

Wifi akavuta shela. "Mama, hurumia! Angalia uso yangu!"

"Naiangalia tangu siku sita, mama. Sijachoka."

Dereva alisimama, akachukua funguo zake, akatoka. Lori liliondoka kesho yake bila karatasi ya munganga.

Mjukuu wangu alitafuta kila mahali. Munganga aliandika barua, akapiga simu, boksi likasemekana liko njiani, kisha limekwama, kisha haliko. Kile kipakiti kimoja hakikutosha hata kumkuna mwizi. Miezi ilipita, mahindi yakarudi sokoni, tukaanza tena kula bukari nyeupe, na ule ukingo wa upande wa jicho, uliopigwa nusu ukaachwa, ukashuka chini. Munganga akaingiza kisu.

Kansa ilitoka. Kope langu la kushoto likavutwa kama alivyosema, na jicho linatoa maji mchana kutwa. Kanisani watu wananiona wakati wa mahubiri ya msamaha, wanagusana viwiko, wanafikiri najuta. Ni maji tu. Ni jicho lisilofunga.

Na wifi? Uso wake ulipoa kwa wiki chache, gaga likaondoka, na chini yake kukatokea madoa meupe. Meupe kweli, kama yangu, moja kwenye paji, moja kuzunguka mdomo, mengine kwenye shavu. Mjukuu wangu anasema walinzi walipiga hata wale wanaotengeneza rangi ya ngozi, inatokea kwa wengine, na huenda rangi isirudi. Miaka imepita, haijarudi. Alitaka weupe, amepewa weupe kwa vipande. Watoto wa mtaa hawahitaji kufundishwa kutaniana. Wamempa jina, na jina hilo nalijua vizuri, nimelivaa miaka arobaini. Siku ya kwanza nilipolisikia likipazwa nyuma yake nilisimama barabarani na kapu langu, nikasikiliza mpaka watoto walipokata kona.

Mwaka huu amekuja mwenyewe. Sasa anavaa kofia pana, kama mimi. Alikuja mchana na binti yake, yule aliyeolewa bila mama kwenye picha, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka wangu. Bwana yangu alikuwa dirishani na redio yake, akaizima.

"Mama, sisi ni bazee sasa," wifi akasema. "Nilikuita muzungu wa bukari. Nilifanya mubaya. Nilikupa kijiko siku ya kilio. Nilifanya mubaya. Walikuita mulozi, nikanyamaza. Nilifanya mubaya."

Aliyahesabu yote, hata mengine niliyokuwa nimeyasahau. Nilingoja. Alifika mwisho wa orodha yake, na neno la kopo la maziwa halikuwemo.

Badala yake alifungua mkoba akatoa boksi. Lile lile, rangi ile ile, halijafunguliwa. Mwanawe alikuwa amelitoa Afrika Kusini kwa karatasi ya munganga wa huko. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba tangu mvua za mwisho nina doa jipya, jekundu, lenye magamba, kwenye paji la uso upande wa kulia, upande wa jicho lililo zima. Ni kweli ninalo. Munganga amelipima, ni kansa ile ile, bado iko juu juu.

"Ni yako," akasema. "Thelathini. Sema tu mbele ya huyu mutoto wangu kama siku ile ulinipa. Nisife na jina ya mwizi kwa batoto yangu. Mama, nakuomba."

Binti yake alitazama chini. Bwana yangu alikuja taratibu, akaketi kando yangu, akaweka mkono wake mgongoni pangu.

"Mama," akasema. "Sema."

Niliushika ule mkono. Kisha nikalisukuma boksi juu ya mkeka mpaka likagusa magoti ya wifi, na nikamjibu bwana yangu, maana ndiye aliyeniomba hivyo hivyo mara ya kwanza.

"Sikumupa. Aliiba. Sina neno ingine."